Pedi Moja Kati ya Nne: Uchambuzi wa Kisa cha Breki Zilizobadilishwa Nyumbani

Gari linalozungumziwa hapa ni dogo, linavutwa na magurudumu ya mbele, na lina breki za diski mbele na za ngoma nyuma. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, mtu makini ambaye husoma kitabu cha gari kabla hajagusa nati, na ambaye miezi saba kabla ya kisa hiki alikuwa amebadilisha pedi za mbele (vile vibao vya msuguano vinavyobana diski) nyumbani kwake bila kumwita fundi. Kwa kila kipimo ambacho angeweza kukitumia siku ile, kazi ilikuwa njema: pedeli ilikaa juu na ngumu, gari lilisimama bila kelele, na pedi zilikuwa za aina iliyotajwa kitabuni. Kilichomleta kwangu baada ya kilomita zipatazo 9,000 ni mambo matatu ambayo yeye hakuyaona kuwa na uhusiano. Gari lilikuwa likivuta kidogo upande wa kulia barabara ikiwa imenyooka. Kila alipokanyaga breki lilivuta upande wa kushoto, tena kwa nguvu zaidi. Na rimu ya gurudumu la mbele la kulia ilikuwa nyeusi kwa vumbi, ilhali ya kushoto ilikuwa na vumbi la kawaida tu.

Maelezo yake alikuja nayo tayari. "Fundi, niliuziwa pedi feki," alisema, akanikabidhi boksi la pedi nyingine mpya. "Nisaidie kuzifunga hizi, maana wiki hii mgongo haunipi nafasi ya kuchuchumaa."

Nilimwomba anipe saa moja kabla ya kufungua boksi lile. Pedi ni kitu cha kuchakaa, na mtu akiikuta imechakaa huwa haulizi zaidi. Lakini kuvuta kulia na kuvuta kushoto katika gari moja ni malalamiko ambayo pedi mbovu haiwezi kuyaeleza kirahisi, na kama chanzo kingekuwa mahali pengine, zile mpya zingekwenda njia ileile.

Kuvuta huku na huku

Mtu aliyemshauri kabla yangu alimwambia apeleke gari likapimwe pembe za magurudumu. Ushauri huo ungefaa iwapo gari lingekuwa linavuta upande mmoja wakati wote. Hapa upande ulibadilika mara tu mguu ulipogusa pedeli, na magurudumu hayabadilishi pembe zake kwa sababu dereva amekanyaga breki, isipokuwa pale ambapo bushi (mipira ya maungio) za mikono ya chini inayoshikilia magurudumu zimelegea sana. Hizo nilizitikisa kwa nondo nikazikuta imara.

Ili dalili hizo mbili zieleweke ni lazima kwanza ieleweke kalipa, yaani kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, inavyofanya kazi katika gari la aina hii. Ina pistoni moja tu, nayo iko upande wa ndani wa diski. Dereva anapokanyaga, mafuta ya breki huisukuma pistoni, pistoni huibana pedi ya ndani kwenye diski, na kwa kuwa diski haisogei, kalipa nzima hurudi nyuma kwa kuteleza juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya nje nayo ibane upande wa pili. Kwa maneno mengine, pedi ya nje haina wa kuisukuma. Inategemea kalipa iteleze. Pini zikiteleza vizuri, pedi mbili hubana kwa nguvu sawa na huachia pamoja. Pini ikikwama, pistoni hubaki ikihangaika na pedi ya ndani peke yake, huku sehemu ya nguvu yake ikipotea katika kuikunja kalipa isiyotaka kusogea, na mguu unapoondoka kwenye pedeli kalipa hairudi mahali pake, bali hubaki imeegemea diski.

Sasa tazama gurudumu lenye hali hiyo likiwa upande wa kulia. Wakati wa kwenda bila breki, gurudumu hilo linaburuzwa, kwa hiyo gari huvutwa kulia kidogo. Wakati wa kufunga breki, gurudumu hilohilo linabana kwa udhaifu kuliko mwenzake, kwa hiyo la kushoto ndilo linaloshinda, na gari hukimbilia kushoto. Hivyo gurudumu moja la kulia lilitosha kueleza malalamiko yote mawili, na lile vumbi jeusi likawa la tatu. Hiyo ilikuwa dhana tu, lakini ilinionyesha gurudumu la kuanza nalo.

Tulikwenda mwendo wa dakika kumi na tano barabarani, tukarudi tukasimama polepole bila kukanyaga breki kwa nguvu mwishoni, kisha nikasogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Ya kushoto ilikuwa na uvuguvugu. Ya kulia ilinifanya nirudishe mkono.

Vipimo

Gari liliwekwa sakafuni penye usawa, magurudumu ya nyuma yakawekewa vizuizi, nati zikalegezwa robo mzunguko kabla ya kunyanyua, na mbele pakapandishwa kwa jeki kisha pakashushwa juu ya stendi mbili. Nilifurahi kuona kwamba Mwalimu alikuwa na stendi zake mwenyewe. Jeki ya mafuta ni chombo cha kunyanyulia, haikutengenezwa ili ishikilie mzigo huku mtu ameingiza mabega chini ya gari. Oringi (pete ya mpira) ndogo ndani yake ikichoka, gari hushuka bila kutoa taarifa.

Pedi mpya za aina hii huwa na milimita 10 za tabaka la msuguano, bila kuhesabu bati la nyuma. Upande wa kushoto, pedi ya ndani ilikuwa na milimita 8.5 na ya nje 8.5. Upande wa kulia, ya nje ilikuwa na milimita 9, yaani ilikuwa imefanya kazi kidogo kuliko zote. Ya ndani ilikuwa na milimita 2 mwisho mmoja na 3.5 mwisho wa pili. Kiwango ambacho mafundi wengi hukitumia cha kubadilisha ni milimita 3.

Nilizipanga zote nne juu ya gazeti, kila moja mahali pake kama ilivyokuwa kwenye gari, nikamwita Mwalimu atazame. Hoja ya pedi feki ilikufa hapo bila mimi kusema mengi, kwa kuwa zote nne zilitoka katika boksi moja, siku moja, zikatembea kilomita zilezile. Ubovu wa kiwandani haungeichagua pedi moja ukaziacha tatu zikiwa na afya. Pedi ile ilikuwa imeumizwa na mahali ilipokaa.

Kuna mambo mawili katika pedi hiyo ambayo nadhani yanastahili kutazamwa kwa karibu. La kwanza ni kule kuchakaa kwa mshazari. Pistoni iliyokwama na isiyorudi nayo humaliza pedi ya ndani, lakini kwa kawaida huimaliza kwa usawa, kwa sababu inaisukuma moja kwa moja kutoka katikati. Mshazari huashiria kwamba kalipa ilikuwa ikigeukia upande mmoja, yaani pini moja inateleza na nyingine imegoma. La pili linahusu kile kibati chembamba kilichopigwa riveti pembeni mwa pedi ili kikwaruze diski na kupiga mluzi pedi inapokaribia kwisha. Katika pedi hii kibati hicho kilikuwa kwenye ule mwisho wenye milimita 3.5. Upande wa pili ulikuwa umebakiza milimita 2 tu, na kibati kilikuwa bado hakijagusa chochote. Mwalimu alikuwa akisubiri kelele ambayo kwa wakati ule isingekuja.

Aliniambia pia kwamba kila mwisho wa mwezi alikuwa akichungulia pedi kwa tochi kupitia matundu ya rimu, akaziona nene, akatulia. Alichokiona kilikuwa kweli. Kupitia matundu ya rimu huonekana pedi ya nje, na ya nje upande wa kulia ndiyo iliyokuwa nene kuliko zote katika gari lile. Kadiri hitilafu ilivyozidi, ndivyo dirisha lake lilivyomwonyesha habari njema zaidi.

Washukiwa watatu

Gurudumu linaloburuza linaweza kushikwa na mpira wa breki, na pistoni, au na pini. Watu wengi huruka hatua hii wakanunua kalipa nzima, na kwa kufanya hivyo hulipia mengi ili kuponya kidogo, au huacha ugonjwa palepale ulipo.

Mpira wa breki, ule unaounganisha bomba la chuma na kalipa, unaweza kuoza kwa ndani huku nje ukionekana mzima. Ngozi yake ya ndani hubanduka na kuwa kama kizibo kinachoruhusu mafuta yaende kwa shinikizo la mguu lakini kisiyaruhusu yarudi. Kipimo chake ni rahisi, nami nilikifanya kabla ya kutoa gurudumu na pedi. Nilimwomba Mwalimu akanyage pedeli mara tatu na kuiachia, nikajaribu kulizungusha gurudumu la kulia kwa mikono, nikalikuta zito kuliko la kushoto. Kisha nikalegeza skrubu ya kutolea hewa kwenye kalipa, nikiwa nimeivika mrija mwembamba uliozamishwa ndani ya chupa yenye mafuta kidogo ya breki. Kama shinikizo lingekuwa limenaswa, mafuta yangeruka na gurudumu lingelegea papo hapo. Yalitoka matone machache ya uvivu, na gurudumu likabaki zito vilevile. Mpira ukaachiwa huru.

Pistoni nayo niliisikiliza kwa mkono. Nilifungua bolti ya chini ya kalipa, nikaiinua kalipa na kuifunga kwa waya kwenye springi ili uzito wake usiuvute mpira, nikaweka pedi kuukuu mbele ya pistoni na kuikaza kwa klampu taratibu. Iliingia laini, bila kukwama na bila kuyumba, na ulimi wa mpira unaoizunguka haukuwa na mpasuko wala dalili ya mafuta. Inafaa kujua kwamba kinachoirudisha pistoni baada ya kila breki si springi. Ni pete ya mpira yenye umbo la mraba ndani ya silinda, ambayo hujinyonga pistoni inapotoka na kujinyoosha mguu unapoachia, ikiivuta pistoni nyuma kwa sehemu ndogo ya milimita. Pete hiyo ilikuwa inafanya kazi yake. Sikuishushia kalipa shutuma yoyote.

Zikabaki pini. Ya chini niliivuta kwa vidole viwili na ikatoka. Ya juu haikusogea. Niliishika kwa spana kichwani nikaizungusha huku na huku, kwanza bila mafanikio, kisha kwa milio ya mpira unaonyongwa, hadi ikatoka ikiwa imevaa kitu kilichonifanya niinyanyue kwenye mwanga.

Bushi na grisi

Katika kalipa nyingi za aina hii pini mbili hazifanani. Moja ni chuma kitupu kuanzia shingoni hadi ncha; nyingine ina mfereji karibu na ncha, na katika mfereji huo kuna bushi ndogo ya mpira inayozuia pini isigongegonge ndani ya tundu lake. Bushi hiyo inapokuwa na afya hukaa ndani ya mfereji kama pete kidoleni. Ile niliyoishika ilikuwa imevimba hadi imefurika nje ya mfereji na kujikunja ukingoni, laini na yenye kunata, na nilipoivua na kuiweka kando ya bushi mpya kutoka kwenye kifurushi cha matengenezo, ilikuwa ndefu zaidi na pana zaidi, kama mkono wa sweta uliofuliwa vibaya ukatanuka. Haikuwa na kutu hata chembe. Tundu lilikuwa safi, limejaa grisi tele ya rangi ya kahawia.

Nilimwuliza Mwalimu grisi ile ilitoka wapi. Akaenda stoo akarudi na kopo la grisi ya beringi za magurudumu, nzuri kabisa kwa kazi yake, inayovumilia joto kali. Alikuwa amefikiri, na fikra yenyewe si ya kipuuzi, kwamba grisi inayostahimili kilicho ndani ya habu ya gurudumu haiwezi kushindwa na pini iliyo hatua chache kutoka hapo. Tatizo halikuwa joto. Mipira ya breki mara nyingi hutengenezwa kwa aina inayoitwa EPDM, iliyochaguliwa kwa sababu haidhuriki na mafuta ya breki, ambayo kikemia ni ya jamii ya glikoli. Mpira huohuo hauvumilii mafuta yatokanayo na petroli. Huyanyonya, huvimba na kulainika. Grisi ya beringi kwa kawaida imetengenezwa kwa mafuta hayo. Ndiyo maana kwa pini hutakiwa grisi ya silikoni au nyingine ya sintetiki iliyoandikwa waziwazi kwamba ni ya breki, na ndiyo maana vilevile tone la mafuta ya injini likiingia ndani ya kopo la mafuta ya breki huweza kuharibu kila mpira wa mfumo mzima, si wa gurudumu moja.

Uvimbe huo haukuja siku moja. Grisi ilihitaji majuma na joto la breki ili kupenya ndani ya mpira, na ndiyo maana kazi ilionekana njema siku ilipomalizika na miezi kadhaa baada yake. Hapo ndipo palipo na ugumu wa kosa hili: halijitokezi wakati wa majaribio.

Lilibaki swali moja ambalo bila jibu lake nisingeridhika na uchambuzi wangu mwenyewe. Kwa nini upande wa kushoto ulisalimika? Mtu ni yuleyule, kopo ni lilelile, siku ni ileile. Nilifungua pini za kushoto. Ya chuma kitupu ilikuwa na mabaki ya grisi ya kahawia. Ile yenye bushi ilikuwa na grisi kidogo ya kiwandani, nyeupe na iliyoanza kukauka, lakini bushi yake ilikuwa nzima. Mwalimu alitazama kwa muda kisha akakumbuka. Siku ile alianza na kulia, akaivua kalipa yote, akatoa pini zote mbili, akazifuta na kuzipaka kwa ukarimu kwa sababu kitabu kilisema ziangaliwe. Alipofika kushoto giza lilikuwa limeanza kuingia, na alikuwa amegundua kwamba akifungua bolti ya chini peke yake anaweza kuipindua kalipa juu kama mfuniko na kubadilisha pedi bila kuigusa pini ya juu. Akafanya hivyo.

"Kwa hiyo nilipoharakisha ndipo nilipopona," alisema, na sikuona sababu ya kumpinga.

Ningeongeza tu kwamba alipona kwa kiasi. Ile grisi ya kiwandani iliyokuwa ikikauka nayo ingemleta siku moja, kwa njia ya kawaida ya ukavu na kutu, pengine baada ya miaka miwili. Kutoigusa pini kulimwokolea muda, hakukuwa kuitunza.

Kilichofanyika

Pini zote nne zilisafishwa. Matundu yake yalinichukua muda mrefu kuliko kitu kingine chochote siku ile, kwa sababu grisi ya zamani ikibaki hata ukungu wake tu ndani ya tundu, bushi mpya huanza safari ileile. Nilitumia dawa ya kusafishia breki na kitambaa kilichosokotwa kwenye kijiti, nikarudia hadi kitambaa kikatoka kama kilivyoingia. Bushi na mipira ya kuzuia vumbi nilibadilisha kwa pande zote mbili. Grisi ya silikoni niliipaka nyembamba, kwa kuwa ikijaa tundu zima hewa hukosa pa kwenda na pini hurudishwa nje kama pampu. Pini yenye bushi nilihakikisha inarudi juu, kama mchoro wa kitabu cha gari hili unavyotaka; kuna magari ambayo yake hukaa chini, na kuzibadilishana nafasi ni chanzo kingine cha kukwama ambacho nimekikuta zaidi ya mara moja.

Vumbi la breki halikupulizwa. Asbesto imepigwa marufuku katika nchi nyingi na pedi za kisasa kwa sehemu kubwa hazina, lakini vumbi lake bado si kitu cha kuvuta, na kulilowesha kwa dawa kisha kulifuta hakuchukui muda zaidi ya kulipuliza kwa kompresa.

Kuhusu diski, mafundi wenzangu wanaweza kutofautiana nami. Diski hizi zikiwa mpya huwa na unene wa milimita 22, na kiwango cha mwisho, ambacho kimechapishwa kwenye shingo ya diski yenyewe, ni milimita 20. Ya kushoto ilisoma 21.6 na ya kulia 20.9 mahali pembamba kuliko pote. Nilipima kwa maikromita, kwa maana venia ya kawaida (kipimo chenye taya mbili ndefu) hukalia ule ukingo usiochakaa pembeni na kutoa unene ambao haupo. Kwa namba peke yake zote mbili zilikuwa halali. Uso wa ndani wa diski ya kulia, hata hivyo, ulikuwa na mifereji inayokamata ukucha na madoa ya kibuluu, nayo madoa hayo ni alama ya chuma kilichopata joto kupita kiasi. Mahali hapo huweza kuwa pagumu kuliko sehemu nyingine na kuleta mtetemo wa pedeli baadaye. Tena milimita 0.9 iliyosalia haikuwa akiba ya kutosha kwa maisha ya pedi mpya. Nilishauri diski zote mbili zibadilishwe, kwa kuwa diski hubadilishwa kwa jozi za mhimili mmoja.

Mwalimu alikubali diski, akakataa pedi. Hakuona ni kwa nini pedi za kushoto zenye milimita 8.5 zitupwe. Nilimwelewa, maana macho yanaona kitu kizima. Jibu langu lilikuwa kwamba pedi zilizotumika na mpya hazishiki kwa nguvu sawa, hasa zinapokutana na diski mpya, na tulikuwa tumekuja kuondoa tofauti ya kulia na kushoto, si kuitengeneza upya. Boksi alilokuja nalo likafunguliwa hatimaye.

Kopo la mafuta ya breki lilituletea jambo dogo. Lilikuwa limejaa hadi alama ya juu, naye alikiri kwamba aliliongeza mara mbili katika miezi ile. Pedi zinapochakaa pistoni husogea mbele na mafuta hujaza nafasi iliyoachwa nyuma yake, kwa hiyo kiwango kikishuka taratibu bila kuvuja popote, mara nyingi kinatangaza kuchakaa kwa pedi. Alipoongeza alikuwa ameifuta taarifa hiyo. Kabla ya kuirudisha pistoni ya pili ndani nilivuta mafuta kwa sindano, vinginevyo yangemwagika juu ya rangi ya gari na kuibandua.

Mafuta yenyewe tuliyabadilisha yote, na hapa joto la gurudumu la kulia ndilo lililoniamulia. Yalikuwa ya daraja la DOT 4, ambayo yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzijoto 230, lakini yakishanyonya maji kufikia asilimia 3.7 kiwango hicho huruhusiwa kushuka hadi 155. Yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyokolea, na umri wake Mwalimu hakuukumbuka. Breki iliyokuwa ikiburuza kwa miezi ikikutana na mafuta ya namna hiyo kwenye mteremko mrefu, mvuke hujaa ndani ya kalipa na pedeli huzama hadi sakafuni. Kwamba hilo halikutokea sikulihesabu kuwa ushahidi kwamba lisingetokea.

Bolti za pini zilikazwa kwa Nm (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 34 na nati za magurudumu kwa Nm 103, kama kitabu cha gari hili kinavyosema, kwa spana yenye kipimo. Kabla gari halijasogea hata hatua moja, Mwalimu aliketi akapampu pedeli hadi ikapanda na kuwa ngumu. Baada ya kuzirudisha pistoni nyuma, pedeli ya kwanza huwa haina kitu, na asiyejua hilo hulijua akiwa anaelekea ukutani.

Kisha tulikwenda barabara isiyo na msongamano kuzizoesha pedi na diski: mara kumi hivi kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 15, kwa kukanyaga kwa wastani, bila kusimama kabisa na kwa kuacha nafasi ya kupoa kati ya mara moja na nyingine, kisha mwendo wa polepole kurudi nyumbani. Usukani ulibaki katikati mikono ikiwa imelegea. Tulipofika nilirudia kile kipimo cha kiganja, na rimu mbili hazikutofautiana.

Nilimwomba arudi baada ya kilomita 3,000, nikamwambia kwamba safari hii gurudumu lazima litolewe, tochi haitoshi. Alirudi. Pedi za kulia zilisoma milimita 9.6 ndani na 9.6 nje, za kushoto 9.5 na 9.6. Nilivuta pini ya juu ya kulia kwa vidole viwili na ikatoka, bushi ikiwa imekaa ndani ya mfereji wake.

Lile kopo la grisi ya kahawia hakulitupa. Lilikuwa limerudi kwenye rafu ya stoo, likiwa limezungushiwa utepe mweupe ambao juu yake alikuwa ameandika, kwa mwandiko wa ubaoni: BERINGI TU.